Nissan ya mjomba yaenda Likoni Road

Januari ya 2004 wenye matatu wote Nairobi walishikwa na homa moja. Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alikuwa ametangaza kanuni zake Oktoba iliyotangulia, na siku ya mwisho ilikuwa Februari mosi. Kila kiti kiwe na mkanda, gari lifungwe kidhibiti mwendo lisipite kilomita 80 kwa saa, lichorwe mstari wa manjano ubavuni, na Nissan iliyozoea kubeba watu 18 ibebe 14. Wengi waliamini serikali ingelegeza kamba dakika ya mwisho. Mjomba aliamini hivyo mpaka Krismasi ikapita.

Kupeleka gari kukaguliwa halikuwa jambo geni. Kila mwaka matatu ilipelekwa Likoni Road, Industrial Area, ikapekuliwa na polisi wa ukaguzi, ikapewa cheti. Lakini Nissan ya mjomba ilikuwa imezeeka. Kila siku ilikwenda Naivasha na kurudi kwa njia ya Mai Mahiu, ile iteremkayo Bonde la Ufa na kupita kanisa dogo walilojenga mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili. Milango ilikuwa imeliwa na kutu, na dizeli ilitoa moshi mweusi kila ilipopanda mlima. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, kwa hiyo nikawa mtoto wa gereji bila kuulizwa.

Mikanda ndiyo iliyotuchosha kwanza. Madukani ilikuwa haipatikani, na ikipatikana bei imepanda tangu asubuhi. Kirinyaga Road, ambayo watu wazima bado wanaiita Grogan, tulikuta foleni ya madereva wakigombania mikanda iliyofunguliwa kwenye magari makuukuu, mingine bado ina nywele za mbwa wa mwenyewe. Kidhibiti nacho kilifungwa na fundi aliyekuwa na haraka kama mtu anayekimbiza basi. Aliunga nyaya, akapiga sili, akachukua pesa zake na kumrukia mwenzetu aliyefuata.

Kwenye gereji mambo yalikwenda polepole zaidi. Welda aliziba milango kwa vipande vya bati, bodi fila, ile lipu ya kusawazisha bati, ikapakwa juu, msasa ukapigwa, rangi ikafuata. Kwa mbali gari likapendeza. Ukiliinamia uliona mawimbi.

Kisha fundi akafungua magurudumu ya nyuma. Dramu ya kushoto ilikataa kutoka, akaigonga kwa nyundo ukingoni, akiizungusha kidogo kidogo, mpaka ikaachia na kumwaga vumbi jeusi miguuni mwake. Ndani, breki zilikuwa zimelowa. Raba ya silinda ya gurudumu ilikuwa imekatika na mafuta ya breki yalikuwa yakivuja pole pole, yakiteleza juu ya kiatu cha breki na kukifanya king'ae kama sufuria ya chapati. Fundi alichovya kitambaa kwenye petroli, akapangusa, akapitisha msasa kwenye kiatu hicho.

"Mzee, hii itapita," akasema. "Wataangalia mikanda na rangi tu. Silinda utabadilisha ukishapata pesa."

Halafu akatoboa siri ambayo kila mtu pale aliijua. Kulikuwa na jamaa waliokodisha matairi mapya kwa siku moja. Unayafunga asubuhi, unakaguliwa, jioni unarudisha na kufunga yako yenye upara. Hata taa za mbele zilikodishwa.

Mjomba alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu. Hakuinua sauti.

"Na Mai Mahiu nitashuka na nani? Na mkaguzi?"

Pesa za silinda, viatu vya breki na matairi mawili zilitoka kwenye karo ya binamu yangu, na mke wa mjomba alinuna mpaka shule zilipofunguliwa. Mimi nilimwona mjomba mkaidi. Magari mengi yalikuwa yakipita na matairi ya kukodi, na yeye ndiye peke yake aliyekuwa akitoa jasho la namna ile. Leo ningemuunga mkono, ila mke wake ningemuunga mkono pia.

Likoni Road tulifika kabla ya mapambazuko na kukuta foleni imeshapinda kona. Magari yalipakwa rangi mbichi yakanuka thina barabara nzima. Madereva walikuwa wamevaa sare mpya za buluu, makanga, yaani makondakta, za rangi ya damu ya mzee, wakionekana kama wanafunzi wa siku ya kwanza. Jua lilikuwa kali ilipofika zamu yetu.

Afande alivuta mkanda mmoja mmoja. Akashika gurudumu la mbele kwa mikono miwili na kulitikisa, akisikiliza kama boljointi, viungo vya gurudumu, zinacheza. Breki hakuzisema hata kidogo baada ya kuzijaribu. Akaomba nambari ya chesesi, ile iliyochongwa kwenye bati, ailinganishe na kitabu cha gari, na hapo tukakwama, maana fundi wa rangi alikuwa ameipulizia ikapotea kabisa.

"Mzee, hili gari la nani?"

"Langu, afande."

"Basi nionyeshe."

Tukatolewa pembeni. Nilikwangua kwa msasa niliouomba kwa dereva wa nyuma yetu, nikitema mate kwenye bati na kupangusa kwa shati langu, herufi moja baada ya nyingine. Afande akarudi, akasoma huku akifuata kwa kidole, akapiga muhuri.

Jumatatu, Februari 2, magari mengi hayakuwa barabarani na watu walimiminika kwa miguu kuingia mjini. Stejini abiria waliigombania Nissan yetu. Nilikuwa nimeshakaa dirishani, nimejifunga mkanda, nimejipa cheo cha mkaguzi wa ndani. Mjomba akahesabu vichwa mara mbili, kisha akamtazama mama mmoja aliyesimama mlangoni na noti mkononi, kisha akanitazama mimi.

"Kijana, shuka."

Nilitembea mpaka nyumbani Kangemi.