Chungu cha juu na chungu cha chini

Tarehe 19 Septemba 1648 Florin Périer alipanda Puy de Dôme, mlima wa katikati ya Ufaransa, akiwa na bomba la kioo na zebaki. Aliyemtuma ni shemeji yake, Blaise Pascal. Kileleni zebaki ilisimama chini kwa karibu sentimita 8 kuliko ilivyosimama bondeni. Hewa ina uzito, uzito huo ndio unaoisukuma zebaki ipande bombani, na anayepanda mlima anaacha sehemu ya uzito huo chini yake.

Wanafunzi wangu wote wanampenda Périer. Mimi nampenda Padri Chastin. Huyu alikuwa mtawa, aliachwa Clermont, kwenye bustani ya watawa, akitazama bomba la pili kutwa nzima. Zebaki yake haikusogea. Bila yeye mtu yeyote angesema, labda hali ya hewa ilibadilika tu siku ile. Nusu ya ugunduzi iko mikononi mwa mtu ambaye hakuona lolote likitokea, na mwandishi wa hadithi akikutana na mtu kama huyo hampiti.

Nafundisha fizikia hapa Moshi, usiku naandika. Hadithi niliyo nayo sasa ni ya mwaka 1862. Mmisionari Johannes Rebmann alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kufika huku, akaikataa kwa miaka mingi. Mwaka 1861 akaja msafiri Mjerumani Karl Klaus von der Decken na mwanajiolojia Richard Thornton. Mwaka uliofuata von der Decken akarudi na Otto Kersten, wakapita mita 4,000. Wazungu hao tunawajua kwa majina. Waliowabebea mizigo, wengi wao, hatuwajui.

Mzungu wangu ni wa kutunga, na sikumpa jina. Jina nimempa mpishi wake, Juma, aliyetoka naye pwani. Wako juu ya msitu, kwenye mita 3,700 hivi, karibu na kambi ya leo ya Horombo. Juma ameinjika kunde tangu asubuhi. Maji yanatokota, povu linapanda, kunde ukiibana kwa vidole inateleza, haipasuki. Anaongeza kuni. Bosi anamwona mvivu. Baadaye bosi huyohuyo anachemsha maji yake pembeni, anatumbukiza kipimajoto, anaandika daftarini. Wasafiri wa karne ile walipima kimo hivyo: kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua na maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, nyuzi moja hivi kwa kila mita 300. Hapa mjini yanachemka karibu nyuzi 97. Pale kwa Juma ni karibu 88.

Na kuni hazisaidii! Ukichochea moto maji yanakauka haraka, lakini joto lake halipandi hata kidogo. Hapo ndipo hadithi ilipo. Daftari la bosi na chungu cha Juma vinasema jambo moja, ila daftari ndilo litakalosafiri kwenda Ulaya.

Wanangu darasani wakiandika hadithi za sayansi huwa nawaambia: iondoe fizikia, uone. Hadithi ikibaki ileile, fizikia ilikuwa pambo. Mimi siruhusiwi kumwivishia Juma kunde kwa kumwonea huruma. Nyuzi 88 ni 88, na kila ninachoandika juu ya hasira yake, aibu yake na njaa ya wenzake lazima kipite hapo.

Kutoka kwa Padri Chastin nimechukua umbo lenyewe. Mdogo wake Juma anaumwa mguu, amebaki kambini chini kwenye migomba. Anapika kunde za gunia lilelile, siku ileile. Zinaiva mapema, anakula, anaosha chungu, anajiuliza kaka yake saa hizi amefika wapi. Sielezi kitu. Ukurasa mmoja juu, ukurasa mmoja chini.

Nilimsomea shemeji yangu, ambaye ni mpishi wa wageni mlimani na sufuria ya presha haimtoki mzigoni. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema:

"Mwalimu, huyo Juma wako kapika barabarani kutoka pwani mpaka huku, halafu hajui kuloweka? Mpishi yeyote angeziloweka njiani, kwenye kibuyu, zikifika zimeshalainika."

Ni kweli, na ni kizuri kuliko nilichokuwa nacho. Kuloweka kunapunguza muda, ila hakupandishi nyuzi. Juma sasa atafanya kila anachojua, na anajua mengi, na kunde bado zitachelewa. Kibuyu nimeshamtwisha. Wiki hii naandika upya sehemu ya bosi, kwa sababu mtu aliyeloweka kunde tangu jana akiitwa mvivu hatanyamaza.