Aliyegunduliwa leo aliambukizwa lini?

Kliniki ya magonjwa ya zinaa ikitoa namba ya waliokutwa na VVU, wengi huisoma kana kwamba ndiyo idadi ya maambukizi mapya. Siyo. Aliyegunduliwa Machi anaweza kuwa amepata virusi wiki sita zilizopita, au miaka minane. Ukiwaweka wote kwenye safu moja ya rejesta, huwezi kujua kama maambukizi yanapanda au ni watu wa siku nyingi ndio wamefikiwa sasa.

Asilimia nayo hupotosha. Tuseme kliniki ilipima watu 100 wenye dalili ikapata 8. Mwaka uliofuata ikapima kila aliyeingia, watu 400, ikapata 12. Asilimia imeshuka kutoka 8 hadi 3, waliogunduliwa wameongezeka, na kasi ya maambukizi bado hatuijui.

Njia ninayoiamini zaidi ni kuwafuata wanaorudi kupima. Zinatakiwa tarehe mbili: ya kipimo cha mwisho kilichotoka hasi na ya kile cha kwanza kilichotoka chanya. Wateja 400 waliokuwa hasi, wakifuatiliwa kwa wastani wa miezi 6, wanatoa miaka 200 ya ufuatiliaji. Wakipatikana 4 walioambukizwa, kasi ni 2 kwa kila miaka 100. Kwa aliyeambukizwa, muda wake uhesabiwe hadi katikati ya tarehe hizo mbili, maana siku yenyewe haijulikani. Kumbuka tu kwamba wanaorudi si sawa na wasiorudi: wapo wanaorudishwa na kondomu iliyopasuka au kidonda kipya. Na kinachoua hesabu hii mara nyingi ni kitu kidogo sana, tarehe ya kipimo kilichofanyika kwingine kuachwa bila kuandikwa.

Kipo pia kipimo cha maambukizi ya karibuni, kinachoangalia jinsi kingamwili zinavyoshikilia virusi. Zilizo changa hushika kwa ulegevu. Shida ni ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU. Anayezitumia bila kusema anaweza kuonekana ameambukizwa juzi. Kwa hiyo pima na wingi wa virusi: ukiwa chini ya nakala 1,000 kwa mililita, usimhesabu kuwa wa karibuni. Jibu la kipimo hiki ni la takwimu. Tafadhali lisitumike kumwambia mtu tarehe aliyoambukizwa, wala kuamua nani kamwambukiza nani nyumbani.

Wanaoponyoka zaidi ni walioambukizwa wiki chache tu zilizopita. Kipimo cha haraka cha kingamwili huanza kugundua kati ya siku 23 na 90 baada ya mtu kujiweka hatarini. Cha maabara cha antijeni (vipande vya virusi vyenyewe) na kingamwili, kwa damu ya mshipa, siku 18 hadi 45; cha vinasaba vya virusi, siku 10 hadi 33. Mwenye homa, vipele na koo linalouma, aliyejiweka hatarini wiki tatu nyuma, asiambiwe "uko salama" kwa kipimo cha haraka kilicho hasi. Apimwe vinasaba ikiwezekana, au apewe tarehe ya kurudi. Na mstari hafifu ukionekana ndani ya muda ulioandikwa kwenye maelekezo, ni mstari. Endelea na vipimo vya kuthibitisha.

Mwenye kaswende, au kisonono cha njia ya haja kubwa, ambaye VVU ni hasi, ndiye wa kushughulikiwa siku hiyo hiyo. Akiwa bado ndani ya saa 72 tangu ajiweke hatarini, aanze PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio kama hilo, siku 28 bila kukatiza. Akimaliza, akapimwa na kukutwa hasi, na hatari ikiwa bado ipo, aunganishwe moja kwa moja na PrEP, dawa za kinga zinazotumiwa kabla ya kujiweka hatarini. Kwenye kliniki kadhaa za London, waliogunduliwa na VVU miongoni mwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume walipungua kwa 32% kati ya mwaka ulioishia Septemba 2015 na ule ulioishia Septemba 2016. Upimaji haukuwa umepungua. Watu walikuwa wakipimwa mara kwa mara, waliokutwa na virusi wakianza dawa mapema, na PrEP ilikuwa imeanza kutumika.