Siku Mamangu Alipotembea na Chui Karura

Mamangu alikubali kwenda msitu wa Karura kabla hajaambiwa kwamba Chui, mbwa wetu, naye anakwenda. Alipomwona mume wangu akitandika gunia kwenye buti la gari, alisimama pale mlangoni, buibui mwilini, mkoba begani, akauliza, "Na huyo je?"

"Twenda naye, Mama. Jumapili ndiyo siku yake ya kutembea."

"Basi mie n'tabaki. Nendeni salama."

Watoto wakaangua kilio. Ilikuwa likizo ya Desemba 2021, na Mama alikuwa amekuja na reli kutoka Mombasa kwa kliniki ya macho. Jicho moja lilikuwa limeshatolewa mtoto wa jicho, la pili lilikuwa likingoja zamu. Mtu wa Mji wa Kale hawezi kufungiwa kwetu Ruaka, pembeni mwa Nairobi, kwenye nyumba isiyo na baraza, akitazama ukuta wa jirani na kulalamikia baridi. Nilijua asipotoka siku hiyo, kesho yake angeulizia tiketi ya kurudi.

Chui ni mbwa koko, sikio moja limesimama na la pili limelala. Tulimchukua baada ya wezi kuvunja nyumba kadhaa mtaani kwetu. Mume wangu ni mtu wa Meru, na kwao boma lisilo na mbwa halihesabiwi kuwa boma. Mimi nililelewa kwenye nyumba ambayo mbwa akionekana uchochoroni, mlango unafungwa. Tukapatana: atakaa nje, banda lake liwe nyuma ya jikoni, bakuli lake liwe lake peke yake, na ndani haingii. Mama aliliridhia hilo kwa simu, maana mbwa wa ulinzi ana ruhusa yake katika dini. Mbwa wa kutembezwa kwa raha hakuwahi kumridhia, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Mume wangu ndiye aliyeimaliza kesi. "Mama, wewe utakaa mbele na mimi. Yeye nyuma kabisa, kwenye buti. Katikati kuna mwanao na wajukuu wako wawili."

"Na akinipumulia?"

"Hafiki, Mama."

Akapanda. Njia nzima, kutoka Ruaka hadi lango la Limuru Road, alikaa ameinamia kioo kana kwamba kuna mtu anayemsukuma kwa nyuma.

Langoni yalizuka mengine. Tangu Juni 2020 chupa za plastiki zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa, na Mama alikuwa na chupa yake ya maji mkobani. Askari, kijana mwenye adabu, akamwamkia kisha akamwambia chupa haiingii. Mama akamtazama, akamtazama Chui aliyekuwa ameshashuka anatikisa mkia, akasema, "Maji hayaingii, mbwa aingia."

"Hata yeye ana sharti lake, mama. Kamba isimtoke."

Maji tukayahamishia kwenye chupa ya chuma ya binti yangu, tukaingia.

Kwa asiyewahi kufika: Karura ni zaidi ya ekari 2,500 za msitu katikati ya Nairobi, huku Gigiri, kule Muthaiga, na Jumapili asubuhi nusu ya watu unaopishana nao wameshika kamba yenye mbwa upande wa pili. Mama hakuwa amewahi kuona mbwa wengi namna hiyo kwa mara moja, wala wa aina hizo. Kulikuwa na mmoja mkubwa kama ndama, mwenye mate ya kuning'inia. Kulikuwa na mdogo aliyevalishwa fulana. Kila walipopita Mama alijikunja ukingoni mwa njia, akakusanya pindo za buibui mkononi. Halafu akamwona bwana mmoja mwenye kofia nzuri, mtu mzima wa heshima zake, ameinama majanini.

"Yule aokota nini?"

"Mavi ya mbwa wake, Mama."

"Subhanallah. Kwa mkono?"

"Ana kimfuko."

Alitembea kimya kwa muda mrefu baada ya hapo. Chui alikuwa mbele na mume wangu, Mama nyuma na mimi, watoto wakikimbia huku na huku kupeleka habari. Hewa ilikuwa ya baridi bado, udongo mwekundu umelowa mvua ya usiku. Nikamwonyesha muhugu, mti uleule ambao mafundi wa Kikamba wa Changamwe huuchonga vinyago. Akaugusa ganda lake, akasema kumbe una sura.

Nilipotaja jina la Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, ndipo alipochangamka. Baba alikuwa mtu wa bandarini, na jioni alirudi na Taifa Leo kwapani. Mama alilisoma mpaka matangazo ya vifo. Mwaka 1999 aliukumbuka vizuri. Tarehe 8 Januari Wangari na wenzake walikuja hapa kupanda miti, wakati huo sehemu za msitu zikiwa zimegawiwa wajenzi, wakavamiwa na genge la vijana. Alipasuliwa kichwa. Alipofika polisi kuandikisha, taarifa aliitia sahihi kwa damu yake mwenyewe.

"Ndiyo hapa?" Mama aliuliza.

"Ndiyo msitu wenyewe."

"Mtu apigwe kwa ajili ya miche!" Akasimama, akautazama msitu kuanzia chini hadi juu, kama mtu anayekagua nyumba aliyoisikia ikisifiwa. Na kwa kuwa alikuwa anatazama juu, ni yeye aliyewaona mbega kabla yetu sote, kwa lile jicho lake jipya: weusi na weupe, mikia mirefu ikining'inia kama nyuzi za pazia. Hawa walihamishiwa Karura kutoka Kipipiri, upande wa Nyandarua, kuanzia mwaka 2014. Mama alisema wa Diani si wazuri hivi, kisha akajirudi, akasema nao ni wazuri ila mikia yao haina kishungi kama hiki. Chui aliketi chini yao akinung'unika. Juu hakuna aliyemjali.

Tukapita kwenye tanuri za zamani ambazo Benki Kuu ilizitumia kuchomea noti zilizochakaa. Hapo Mama aliumia rohoni. Alikuwa ameikuta noti ya elfu moja ya zamani ndani ya kasha lake, chini ya kanga za harusi, wakati tarehe 30 Septemba 2019, siku ya mwisho ya kuzibadilisha, imeshapita. Bado anayo. Haifai kitu, na hataki kuitupa.

Mbele kidogo, mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka mitano, alikanyaga msafara wa siafu.

Aliyewahi kupandwa na siafu anajua hakuna kusubiri. Mtoto alipiga yowe lililowanyamazisha ndege. Mume wangu alimnyanyua mikono juu, mimi nikamvua viatu, soksi, suruali, nikawa nabandua mmoja mmoja. Siafu ukimvuta, mwili unatoka na kichwa kinabaki kimeuma. Walikuwa wamefika mpaka kiunoni. Watu waliopita wakasaidia kwa ushauri. Tulipomaliza na mtoto yumo ndani ya shati la baba yake, analia kwa kwikwi, ndipo nilipokumbuka kwamba tulikuwa na mbwa.

Kamba alikuwa nayo Mama. Mume wangu alipomrukia mtoto aliisukumia kwenye mkono uliokuwa karibu, na mkono huo ulikuwa wake. Alikuwa ameishika kwa vidole viwili, mkono umenyooka mbali na mwili, uso umegeukia kando. Chui alikuwa ameketi, katulia, anamtazama.

"Kavu kwa kavu," Mama akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Kamba kavu, mkono mkavu, hakuna najisi. Mshughulikie mtoto."

Tukaenda hivyo hadi mapangoni: mume wangu amembeba mtoto mgongoni, mimi nimebeba viatu, Mama na Chui wametangulia. Sikuomba nirudishiwe kamba.

Mapango ya Karura yako juu ya mto, midomo yake mipana na giza ndani. Wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Mama alikalia jiwe, kamba akaiweka chini na kuikanyaga. Chui akazunguka, akajilaza pale penye mdomo wa pango, mikono ameinyoosha mbele, kidevu katikati ya mikono.

Mama akamtazama. Kisha akaanza kusoma kwa Kiarabu, polepole, na nikaijua aya yenyewe mara moja, maana kila Ijumaa ya utoto wangu niliamka nikisikia Suratul Kahf, sura ya Pango katika Qurani, ikitoka chumbani kwake.

"Nyanya, wasema nini?" binti yangu akauliza.

Basi akawahadithia. Vijana walioamini Mungu mmoja katika mji ulioabudu vingine, wakakimbilia pangoni, Mungu akawalaza miaka mia tatu na tisa juu yake. Mbwa wao akalala kizingitini, mikono ameinyoosha namna hii, na Mama akanyoosha yake kwenye magoti kuonyesha. Walipoamka walidhani wamelala siku moja au kipande cha siku. Wakampa mwenzao pesa ya fedha aende mjini kutafuta chakula.

"Pesa ya zamani?" binti yangu akadakia. "Kama elfu moja yako?"

"Kama ile."

"Walikuwa wangapi, Nyanya?"

"Wengine wasema watatu na wa nne ni mbwa wao. Wengine watano na wa sita ni mbwa. Wengine saba na wa nane ni mbwa. Mungu ndiye ajuaye." Akanyamaza kidogo. "Lakini kila wakihesabiwa, na mbwa ahesabiwa."

Mume wangu akanitazama kwa jicho la ushindi. Nikamkata jicho anyamaze.

Tukashuka kwenye maporomoko. Ngazi zilikuwa zinateleza, Mama akahitaji mikono yote miwili, kamba ikarudi kwa mwenyewe. Huku chini Chui alijitia majini hadi tumboni, akanywa, akatoka, akaja moja kwa moja tulipokuwa, akajikung'uta.

Sijapata kumwona mamangu akirudi nyuma kwa kasi ile, na magoti yale anayoyalalamikia kila siku. Yeye hakufikiwa na tone. Mimi nilirowa kuanzia kanga hadi dera.

"Sasa hiyo si kavu," akasema kutoka mbali.

Njia ya kurudi nilitembea peke yangu nyuma ya wote, Chui akiwa na nafasi bora kuliko mimi. Garini nilitandikiwa gunia jingine.

Nyumbani aliagiza kiti, akakaa karibu na mfereji wa nyuma kunisimamia. Najisi ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nikataka kuanza na maji. Akanizuia, anza na udongo, ili maji yafuatayo yauondoe. Nikachota mwekundu kwenye kitalu cha sukuma wiki, nikasugua dera ambalo mpaka leo lina doa.

"Ya ngapi hiyo?"

"Ya nne, Mama."

"Kliniki Jumanne ni saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Tutoke mapema basi, nipite niwaone wale mbega. Huyo abaki alinde nyumba. Suuza vizuri hapo kwenye pindo."