Kanzu Isiyo ya Baba

Mochari walitukabidhi maiti ya baba ikiwa na kanzu. Risasi tuliielewa, maana Likoni nzima ilikuwa imesikia risasi. Kanzu ndiyo iliyotushinda. Baba alikuwa Mluo wa Siaya, fundi wa mitambo bandarini Kilindini, Mombasa, Mkristo wa Krismasi na Pasaka, na sikuwahi kumwona na kanzu hata siku moja. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 13 Agosti 1997, alitoka nyumbani na shati la buluu la kazi.

Usiku ule wavamizi waliingia kituo cha polisi cha Likoni na kile kibanda cha polisi cha kivukoni. Waliua askari 6, wakabeba bunduki zaidi ya 40, kisha wakageukia nyumba na vibanda vya wabara. Vikaratasi vya kutuambia turudi kwetu vilisambazwa. Mimi kwetu ni wapi, nilizaliwa Likoni. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na wabara walihesabiwa kuwa kura za upinzani. Mengi yaliyosemwa baadaye kuhusu viapo vya wavamizi katika msitu wa Kaya Bombo na nani aliwatuma vijana wale yanarudi hapo. Nilikuwa darasa la sita. Mama alitutoa kwa mlango wa uani na tukalala kanisa Katoliki pamoja na mamia ya wengine. Baba alikuwa zamu ya mchana, kwa hivyo alikuwa avuke feri usiku.

Tulipompata siku kadhaa baadaye, alikuwa amewekwa upande wa maiti waliokuwa wakingoja Waislamu wa kujitolea waje kuwazika. Angechelewa kidogo mjomba kufika, tungekuwa mpaka leo hatujui kaburi lake liko wapi. Cheti kiliandika jeraha la risasi. Nani alipiga, wapi, saa ngapi, hakuna aliyeandika.

Siaya, kwenye matanga, shangazi yetu mmoja aliivuta ile kanzu kwenye mfuko wa rambo, akaitazama, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwamba mwanamume havai nguo asizozijua ila amevalishwa na mke. Basi. Kuanzia siku hiyo baba alikuwa na mke wa pili Ng'ombeni, alikuwa amesilimu kwa siri, alikuwa na mtoto wa kiume. Mtoto huyo alikua kila tulipokwenda mashambani. Mwishowe nilisikia amemaliza kidato cha nne. Mama hakujibu. Aliifua kanzu, akaikunja, akaitia chini kabisa ya sanduku, chini ya vitenge vyake.

Kaka yangu mkubwa yeye alishika njia ya makaratasi. Kenya tuna desturi, jambo likitushinda tunaliundia tume. Mwaka 1998 ikaundwa Tume ya Jaji Akiwumi kuchunguza mapigano ya kikabila tangu 1991, Molo, Burnt Forest, Likoni na kwingineko. Ripoti ilikabidhiwa 1999 na ikakaa kabatini hadi 2002. Kaka alipoipata nakala aliisoma sura ya Pwani kwa kalamu ya risasi mkononi. Mengi yamo, jinsi vijana walivyokusanywa, jinsi tahadhari zilivyopuuzwa. Baba hayumo. Ikaja Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Mama akaandikisha taarifa yake kama Wakenya zaidi ya 40,000 walivyofanya, na Mei 2013 ripoti ikatoka, majuzuu 4, kurasa zaidi ya 2,000. Kaka akasoma tena. Mimi namheshimu sana kwa hilo, ingawa nyumbani tulikuwa tukimtania kwamba amezisoma tume kuliko waliozilipa.

Kati ya ripoti hizo mbili aligonga milango. Kituoni aliambiwa faili lilipotea na mengine usiku ule. Kesi za walioshtakiwa kwa uvamizi zilikwisha, wengi wakaachiliwa kwa kukosa ushahidi. Akaanza kuwauliza watu wa kawaida, wauza mahamri, makondakta wa zamani, wazee wa pale stendi. Na hao ndio waliozaa matunda, kwa maana jioni moja mwaka ule wa 2013 kijana wa bodaboda alisimama mlangoni petu na kusema, "Baba yangu anawaita. Anasema ni habari ya Fundi."

Tulikwenda Jumamosi, mama, kaka na mimi. Nyumba ilikuwa ndani ndani upande wa Matuga, udongo mwekundu, minazi, kuku. Mzee alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba barazani, miguu imevimba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akimtazama mama. "Karibu shemeji," akasema. "Nimezeeka nikikuogopa."

Mama akaketi kwenye mkeka. Kaka alibaki amesimama na daftari lake.

Mzee alikuwa muuza kahawa. Kila usiku alikaa na dele lake karibu na stendi ya kivukoni, na baba alikuwa mteja wake: vikombe viwili vya kahawa chungu na kashata moja akishuka feri. Sisi hatukujua hata hilo. Usiku ule baba ndiyo kwanza ashuke milio ikaanza. Mzee akamvuta ndani ya kibanda.

"Walikuwa wanapita wakiuliza, wewe wa wapi, wewe wa wapi. Fundi na ule urefu wake, na lile shati la bandarini, angefichwa wapi? Nikamvua shati nikalitia motoni. Nikavua kanzu yangu mimi, nikamvisha, na kofia. Nikamwambia, Fundi, ukiulizwa usijibu, wewe ni bubu. Wakaja. Nikawaambia huyu ni ndugu yangu, Mungu hakumpa ulimi. Wakamtia tochi usoni, wakacheka, wakapita."

Hapo akanyamaza, akaomba maji. Mkewe akamletea.

"Ningemfunga kamba," akaendelea. "Nilimwambia kaa mpaka asubuhi. Akasema mama watoto yuko peke yake. Nikamshika mkono, akautoa, polepole tu, hakunisukuma. Akatoka. Hakufika mbali. Niliona tochi tena, kule kwenye kona ya kwenda kwenu, na mtu akaita simama. Sasa mimi nilikuwa nimemwambia asijibu."

Kaka akauliza, "Nani aliyeita?"

"Sijui, mwanangu."

"Sauti ilikuwa ya Kipwani? Ya bara?"

"Neno moja. Simama. Halafu mlio."

"Viatu je? Ulisikia buti?"

Mzee akatikisa kichwa. "Usiku ule kila mwenye bunduki alikuwa na bunduki ya serikali. Waliozipewa na walioziiba. Nikisema ni hawa nitakuwa nakudanganya, nikisema ni wale nitakuwa nakudanganya."

Alipopambazukiwa alimwona baba pale konani. Hakumsogelea. Wakati huo wanaume wenye kanzu na kofia walikuwa wanakusanywa na polisi kwa vipigo, na yeye alitoroka na kukaa kwa dada yake Kwale miezi. Waliporudi watu, akasikia familia ya Fundi imehamia ng'ambo, Changamwe. Angeweza kututafuta, alisema mwenyewe. Lakini alikuwa na fikra moja iliyomla: kwamba kanzu iliyomwokoa na wale wa kwanza ndiyo iliyomponza kwa wale wa pili, wakamdhani mvamizi. Na kwamba yeye ndiye aliyemkataza kusema.

Kaka alikuwa anaandika kwa kasi. Nilijua kichwani mwake maswali yalikuwa yamebaki mawili tu, polisi au wavamizi, na kwamba hakuwa tayari kuondoka bila jibu. Kwake ukweli ni jina la aliyefyatua. Sidhani kwamba anakosea. Mpaka leo anaandika barua, na mpaka leo risasi ile haina mwenyewe.

Mama swali lake lilikuwa lingine kabisa. Alikuwa kimya muda wote, mikono magotini, kisha akasema, "Hiyo kanzu yako. Ilikuwa na alama yoyote?"

Mzee akafikiri. Mkewe ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni. "Mfukoni. Ulichanika nikaushona na uzi wa kijani. Mweupe ulikuwa umekwisha, na yeye alikuwa na haraka ya kwenda kuuza."

Mama akaanza kucheka. Nilishtuka, nikadhani kilio kimekuja kwa njia hiyo, lakini kilikuwa kicheko kweli, cha tumbo, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso. Yule bibi naye akacheka bila kujua anachekea nini. Mama alikuwa anaufahamu uzi ule. Alikuwa ameutazama miaka yote, usiku, peke yake, akimtafuta mwanamke aliyeushona. Sasa huyu hapa, kikongwe, mikono ina unga wa muhogo, anauliza kama tutakula.

Tulikula. Samaki wa nazi na muhogo, na mzee akalazimisha kahawa ipikwe, akaionja, akasema imeharibiwa. Mama alimwambia kanzu yake ipo, imefuliwa, atamletea. Akasema hapana shemeji, itunze. Mama akasema hawezi kutunza nguo ya mume wa mtu, akamgeukia bibi, nao wakacheka tena. Habari ya nani aliua nani hawakuirudia. Mzee aliomba radhi, na mama akamwambia kwamba aliyemwomba Fundi akae mpaka asubuhi hana deni kwake.

Kwenye matatu ya kurudi kaka alikaa mbele, daftari limefunguliwa gotini, anachora ile kona na mahali tochi ilipotokea. Mama alikaa nami nyuma. Kabla hatujafika hata Ng'ombeni alinitaka simu yangu, kwa sababu yake haikuwa na salio, akaniamuru nitafute nambari ya shangazi wa Siaya. Iliita muda mrefu.

"Wifi," akasema, na sauti aliyoitumia sikuwa nimewahi kuisikia. "Uko nyumbani? Kuna watu hapo? Vizuri. Waite wakaribie, uweke simu hewani wote wasikie."

Kondakta alitufikia akitaka nauli. Mama akamwonyesha kiganja asubiri, akaanza tangu mwanzo, zamu ya mchana, feri, vikombe viwili vya kahawa, na alikuwa bado hajafika hata kwenye shati kutiwa motoni.