Asilimia 28 chini ya dirisha la mbele

Naandika usiku huu huu, kabla maneno ya fundi hayajanitoka kichwani. Karavani yetu, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari, imefanyiwa sevisi leo, hapa hapa nyumbani, na fundi ameshinda nayo kutwa. Zamani tulikuwa tukiikokota hadi gereji, tunaiacha asubuhi na kuichukua jioni pamoja na karatasi yenye alama za vema kutoka juu hadi chini. Karatasi zote ninazo. Hakuna hata moja iliyonifunza nilichojifunza leo kwa kusimama tu karibu na mtu anayeijua kazi yake.

Masharti yake yalikuwa machache: mahali tambarare, nafasi ya kuzunguka pande zote, umeme, maji, na mtungi wa gesi wenye gesi. Alichokisisitiza ni ardhi ngumu. Jeki haiaminiki kwenye udongo laini, na hata kwenye saruji hakuingia chini mpaka alipoweka stendi.

Alianza na magurudumu. Breki za karavani zimejificha ndani ya ngoma, kwa hiyo huwezi kujua hali yake mpaka ngoma ivuliwe. Ilipovuliwa, vumbi jeusi lilikuwa limejaa humo. Hakulipuliza. Alivaa barakoa, akalilowesha kwa dawa ya kusafishia, akalifuta taratibu, maana vumbi la breki halifai kabisa kuingia kifuani. Kisha ile nati kubwa ya katikati akaiweka kando na kufungua mpya kutoka kwenye pakiti. Mume wangu akamuuliza kama ile ya zamani haiwezi kurudishwa, mbona bado inaonekana nzima.

"Hapana, kaka. Hii inashika mara moja tu. Ya pili sina uhakika nayo, na gurudumu ni gurudumu."

Kwenye ekseli ya kampuni ya Al-Ko kama yetu, nati hiyo hukazwa kwa nguvu ya nyutonimita 290. Spana yake ya kupimia ni ndefu, na aliiegemea kwa mwili mzima mpaka ikalia. Boliti za gurudumu nazo alizikaza kwa kipimo, akatuagiza tuzikaze upya baada ya kilomita 50 za kwanza barabarani.

Tairi alizisoma ubavuni. Zina tarakimu nne za tarehe: mbili za wiki, mbili za mwaka. Zetu zimeandikwa 3519, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2019. Kashata bado zimesimama vizuri, lakini tairi ya karavani huzeeka ikiwa imeegeshwa, kwa jua na kwa kubeba uzito uleule mahali palepale. Zitabadilishwa kabla ya safari ijayo. Hilo halikuhitaji mjadala.

Gesi ilishika presha bila kushuka, mpira wake ukabadilishwa kwa sababu ya umri, na taa zote zinawaka. Betri ilisoma volti 12.7 ikiwa imepumzika, yaani imejaa. Akanionyesha pia tundu la sakafuni ambalo halipaswi kuzibwa hata kama linaingiza baridi: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini, na hilo tundu ndiyo njia yake ya kutokea. Kwenye friji alisafisha masizi ya kichomeo. Friji hii haina mota. Inatumia joto na amonia, kwa utaratibu waliobuni wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Nimekuwa nikiitumia bila hata siku moja kujiuliza inagandisha barafu vipi kwa moto.

Lakini siku yenyewe hasa ilikuwa ya ukuta.

Ana kipimo cha unyevu chenye meno mawili madogo. Alichora karavani kwenye karatasi, akaanza kugusa kuta, kona baada ya kona, na kila namba akaiandika mahali pake kwenye mchoro. Tisa. Kumi na moja. Kumi. Nikaanza kutulia. Alipofika pembe ya mbele kulia, chini ya dirisha, kikasoma 28.

Akarudia. Ishirini na nane tena.

Alinieleza kwamba chini ya asilimia 15 ukuta hauna neno, kati ya 15 na 20 ni wa kuchunguzwa, na juu ya 20 kuna mahali maji yanapita. Nami nilipapasa pale. Karatasi ya ukuta ni safi, haina doa wala harufu. Ila nilipokandamiza kwa kidole gumba karibu na sakafu, ukuta ulibonyea kidogo, na moyo ukanishuka.

Akapanda na kipimo taratibu: 24, 21, halafu 17 kona ya juu kabisa. Tukatoka nje. Kwenye reli ya ukutani inayoshikilia hema la nje, kuelekea chini, gundi ya kuzibia ilikuwa imekauka na kupasuka, na skrubu mbili zina kutu. Maji huingia hapo, hufuata mbao za ndani, hujikusanya chini. Kwenye karatasi ya gereji haya yote yangekuwa mstari mmoja. Leo nimeiona njia ya maji kwa macho yangu, na nimepiga picha kila kipimo.

Nilichomheshimu zaidi ni kwamba hakuahidi kuumaliza uani. Reli lazima ivuliwe, ubao uliooza ukatwe, na ukuta ukauke siku kadhaa chini ya paa. Hiyo ni kazi ya karakana, alisema waziwazi, ingawa angeweza kupaka gundi mpya na kuondoka na hela yetu. Amepaka kidogo tu kuzuia mvua, akatuambia hiyo si tiba.

Kwa sasa mito yote imetoka, makabati yapo wazi hewa ipite, na mchoro wake nimeubandika ndani ya mlango wa kabati. Ukuta ukishatengenezwa atakuja kupima sehemu zilezile, tulinganishe namba kwa namba. Kesho asubuhi napiga simu karakana.