Mkuu Kuni Mamba Kofia: Nilivyopata Majibu Kutoka Manukuu Mabovu ya Mafundi wa Matondoni

Kwa muda wa miezi minne nilikuwa nikitoka mjini Lamu kwenda Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, nikiwa na simu ya kurekodia na kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye ukosi wa shati. Nilitaka kuhifadhi maelezo ya wazee juu ya kuunda vyombo, kisha niyaweke katika kompyuta kwa namna ambayo kijana yeyote angeweza kuuliza swali kwa Kiswahili cha kawaida na kujibiwa kwa sauti ya mzee mwenyewe. Kurekodi hakukunipa taabu, ukiacha mlio wa tezo, kifaa cha kuchongea mbao, na punda aliyekuwa akilia kila tulipofika penye jambo la maana. Taabu ilianza nilipozipitisha sauti hizo, ambazo zilifika saa 14, katika programu ya kugeuza usemi kuwa maandishi.

Programu ile ilikuwa imefunzwa Kiswahili sanifu, hasa cha kusomwa kwa utulivu, nayo ilikutana na Kiamu, lahaja ya Lamu, kinachosemwa na mtu aliyeshika kekee mkononi huku upepo wa kaskazi ukivuma. Ami yangu mmoja, fundi wa siku nyingi, alikuwa amesema, “Mkuku ni mbambakofi,” yaani boriti ya chini kabisa ya chombo hutokana na mti wa mbambakofi. Programu iliandika, “Mkuu kuni mamba kofia.” Mahali pengine alieleza kwamba jahazi hushushwa wakati wa maji makubwa, akasema, “Mai ya bamvua yakiya, ndipo chombo hushushwa,” nami nikapata, “Mayai ya bamba vua yakia ndipo chombo hushushwa.” Nilipomsomea maneno hayo alicheka mpaka akaweka tezo chini.

“Mwanangu, mashini yako haiyui Kiamu,” akaniambia.

“Ni kweli haijui, Ami,” nikamjibu, “lakini imesikia.”

Nilisema hivyo kwa kujitetea tu, ila njiani nikirudi niliona kwamba nilikuwa nimesema jambo la kweli. Ukiyatamka “mkuu kuni mamba kofia” kwa haraka bila kusimama kati ya maneno, utamsikia Ami. Maana ilikuwa imepotea na mipaka ya maneno ilikuwa imehama, lakini sauti ilikuwa imebaki karibu yote. Mpaka hapo nilikuwa nimejaribu kusahihisha manukuu kwa mkono, kazi iliyonila karibu siku nzima kwa saa moja tu ya mazungumzo. Niliiacha, nikaamua kuyaacha makosa yalivyo na kutafuta kwa kufuata sauti.

Chombo cha kwanza nilichokijaribu kilikuwa Soundex, mfumo wa kupanga majina kwa mlio wake, ambao Robert C. Russell alipewa hataza yake huko Marekani mwaka 1918. Mfumo huo huibakiza herufi ya kwanza ya neno, huzitupa irabu, kisha huzigeuza konsonanti zinazokaribiana kuwa tarakimu moja, hivi kwamba b, f, p na v zote huwa 1, na m na n huwa 5. Kwa majina ya Kiingereza yanayoandikwa kwa namna nyingi, mfumo huo una manufaa. Kwa Kiswahili ulinivunja moyo siku ya kwanza, kwa sababu lugha yetu huegemeza mzigo mkubwa sana kwenye irabu. Baba, babu, bibi, bubu na beba yote yalipata alama moja, B100, na swali langu kuhusu babu wa fundi fulani likaniletea maelezo ya bibi arusi aliyevushwa kwa mashua. Upande wa pili, kwa kuwa herufi ya kwanza haiguswi, “jana” ilikuwa J500 na “yana” ya Kiamu ikawa Y500, ingawa mtu wa Lamu hawezi kuyaona hayo kuwa maneno mawili. Mfumo ulikuwa mlegevu pale nilipohitaji ukali, na mkali pale nilipohitaji ulegevu.

Niliuacha, nikajitungia kipimo changu juu ya msingi wa umbali wa Levenshtein, unaojulikana tangu 1965, ambao huhesabu ni herufi ngapi ziongezwe, zifutwe au zibadilishwe ili neno moja liwe jingine. Katika hesabu ya kawaida kila badiliko lina gharama ya 1. Mimi nilizishusha gharama kwa kufuata yale ambayo sikio hukosea na yale ambayo lahaja hubadilisha. Kubadilisha p na b, t na d, k na g, au l na r kukawa nusu, na vivyo hivyo e na i, o na u. Kuongeza au kudondosha b baada ya m, au d baada ya n, nako kukawa nusu, kwa kuwa programu ilikuwa ikizimeza sauti hizo mara kwa mara. Kisha nikaingiza kanuni za Kiamu, ambazo sikuhitaji kuzitafuta mbali kwa sababu nimelelewa nazo: ch ya sanifu huwa t, kama macho na mato, kichwa na kitwa, mchele na mtele; nj huwa nd, kama njia na ndia, njaa na ndaa; j huwa y au hudondoka, kama moja na moya, maji na mai; na vy huwa z, kama vyombo na zombo. Mabadiliko haya niliyapa robo tu. Kiamu pia hutofautisha t na d za menoni na zile za ufizini, lakini tahajia ya kawaida haina njia ya kuonyesha hilo, na programu haikulisikia, kwa hiyo nililiacha.

Hatua iliyoleta nafuu kubwa zaidi ilikuwa kuziondoa nafasi kati ya maneno. Manukuu yote yakawa mkufu mmoja wa herufi, na neno la kutafutwa likawa linatelezeshwa juu yake kama rula, likipimwa kila mahali. Neno “mbambakofi” lina herufi 10. Likifika juu ya “mambakofia”, ile a ya mwisho hubaki nje ya rula na haihesabiwi, na tofauti pekee ni b moja iliyodondoka baada ya m, yaani nusu. Nusu kugawanywa kwa 10 ni 0.05, nami nilikuwa nimeweka kikomo cha 0.25. Baadaye nilikuta kwamba wengine walikuwa wamepita njia hii: katika CLEF, mashindano ya programu za kutafuta habari barani Ulaya, kati ya 2007 na 2009, kulikuwa na kazi maalumu ya kujibu maswali kutokana na manukuu ya usemi, na watafiti wa Barcelona walilinganisha fonimu, yaani sauti moja moja za lugha, kwa kuazima mbinu ya BLAST, programu ya mwaka 1990 ya kutafuta mifuatano ya jeni.

Maneno mafupi yalinisumbua sana. “Tezo” ina herufi nne, na kwa kuwa nilikuwa nimeiruhusu ch kuwa t kwa gharama ndogo, kila palipoandikwa “mchezo” pakahesabiwa kuwa tezo. Mzee aliyesimulia michezo ya utotoni mwake akaonekana kuwa mtaalamu mkubwa wa kuchonga mbao. Siwezi kuilaumu kanuni, maana kwa Kiamu kucheza ni kuteza. Nililazimika kuweka sharti kwamba neno la silabi mbili lisikubaliwe peke yake, mpaka neno jingine la swali lionekane ndani ya sekunde 15 kabla au baada yake.

Kulijibu swali kulihitaji kitu kimoja zaidi. Mtu akiuliza, “Mkuku hutengenezwa kwa mti gani?” programu yangu huchukua “mkuku”, huupata ndani ya “mkuu kuni”, kisha hutambua kwamba “mti gani” hudai jina la mti. Hapo huchukua orodha niliyoiandika ya mbambakofi, mvule, mkoko, mkomafi na mingineyo, na kulipima kila jina dhidi ya herufi zilizo jirani. Kwa “wapi” kuna orodha ya mahali, kwa “nani” majina ya watu, na kadhalika. Kwa vitenzi hutafuta mzizi tu, “kalafati” (kuziba nyufa za chombo) badala ya “tulikalafati”, kwa sababu viambishi vya mwanzo ndivyo vinavyoharibika zaidi. Jibu halitolewi kwa maandishi mabovu: msikilizaji huchezewa sekunde 20 za sauti yenyewe, na jina lililokisiwa huandikwa juu yake.

Niliporudi Matondoni na kompyuta, Ami aliuliza swali lake mwenyewe: chombo kikishakalafatiwa hupakwa nini? Jibu sahihi ni sifa, yaani mafuta ya papa, na safari hii programu ya unukuzi ilikuwa imeliandika neno hilo bila kosa hata moja. Kompyuta ikacheza sauti yake akitoa sifa za fundi aliyemfunza kazi, mzee aliyekwisha kufariki, jinsi alivyoweza kuupima ubao kwa jicho na kuukata mara moja tu. Kipimo cha sauti hakina njia ya kuyatenganisha maneno mawili yanayolingana kila herufi. Nilianza kumweleza kwamba nitaongeza sharti ili “sifa” ikubaliwe tu pale palipo na “paka” au “mafuta”, lakini aliniinulia mkono ninyamaze na kutaka ichezwe tena.

“Iate hiyo, mwanangu,” akasema ilipokwisha.

Sharti nimeliongeza, na mafuta ya papa sasa hutangulia. Maneno juu ya yule fundi huja ya pili, na sikuyaondoa.