Mto Mara sio wa nyumbu tu

Wiki iliyopita nilipanda basi pale Nyamhongolo kwenda Tarime, kulikuwa na msiba upande wa mama, siti ya pembeni akakaa kijana mmoja wa Mwanza ambaye alikuwa hajawahi kuvuka Bunda. Mto Simiyu tulivuka wala hakugeuka, lakini tulipofika daraja la Kirumi akainuka kabisa, "kaka, hili nalo ni ziwa?" Nikamwambia hapana mdogo wangu, huo ni mto, ndo Mara wenyewe huo. Akabaki ananiangalia tu, maana Mara anaoujua yeye ni ule wa kwenye video, nyumbu wanajitupa majini na mamba wanawasubiri.

Na sio yeye peke yake, watu wengi tu wa Kanda ya Ziwa wako hivyo, na mkoa mzima umepewa jina la huo mto! Mara unaanzia mbali, Kenya kwenye msitu wa Mau, juu huko karibu mita 3,000, inashuka mito miwili Nyangores na Amala, ikikutana ndo unakuwa Mara, unapita Masai Mara, unaingia Serengeti kule Kogatende halafu unakuja mpaka ziwani jirani na Musoma, jumla karibu kilomita 395. Kule mbugani ndo mto pekee ambao kiangazi haukauki, kwa hiyo nyumbu kuanzia mwezi wa saba wanafuata maji na majani, hawana pengine pa kwenda. Msitu wa Mau ukikatwa, wa kwanza kuona ni huu mto.

Sasa sehemu ninayoipenda mimi ni huku chini, ambako watalii hawafiki. Mto ukishatoka mbugani unaingia kwenye tambarare, kasi inakata, maji yanatawanyika kwenye mafunjo yaani bonde zima ni kijani mpaka karibu na Kirumi. Mafunjo yenyewe ni marefu kumzidi mtu, ukiingia na mtumbwi aliyetangulia humwoni, unasikia upondo wake tu ukigusa maji, chwaa, chwaa, na tope lote ambalo mto umelibeba njiani linatulia humo kabla maji hayajaingia ziwani. Humo ndo kuna kambare, huku wengine wanaita mumi, na kamongo ambaye kila baada ya muda lazima apande juu apumue hewa kama sisi. Mama yangu mdogo amesomesha watoto kwa mafunjo hayo, anakata, anaanika mpaka yapoteze ukijani, anasuka mikeka, mikono yake ina alama za kukatwakatwa mpaka leo.

Ndo maana Machi 2022 iliniuma sana. Maji ya Mara yaligeuka meusi, samaki wakaelea wamekufa, harufu haielezeki, serikali ikazuia watu kutumia maji na kuvua. Kamati iliyoundwa ikasema ni kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza bondeni vimemaliza hewa kwenye maji, watu wengi hawakukubali, mjadala ukawa mkubwa nchi nzima. Mimi nilikuwa Mwanza, nikimpigia mama mdogo ananiambia ndoo ziko tupu mwanangu, mto tunauona lakini hatuugusi. Mtu kazaliwa pembeni ya mto halafu anatafuta maji ya kupikia, fikiria.

Baada ya mazishi nikakaa kwake siku mbili. Alfajiri tukashuka wote mtoni, maji yalikuwa safi tu, rangi yake ile ya chai ya kahawia ya siku zote, kuna korongo wawili wamesimama kwenye matope. Mama mdogo akainama, akachota kidogo kwa kiganja, akanusa, akatulia, akanusa tena. Ndo akazamisha ndoo.